KOSA LA RUBANI, KOSA LA DREVA: WIMBO HUU TUMEUCHOKA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Kila ajali ina wimbo wake, nao ni ule ule mmoja. Ndege ikianguka, hata vumbi halijatulia, tutaambiwa ni kosa la rubani. Treni ikiacha njia, ni kosa la dreva. Toroli la gengi likigongwa, ni kosa la nyapara ambaye hakuweka bendera. Aghalabu mtu anayeshtakiwa amekwisha kufa, na maiti hana kinywa cha kujitetea. Basi shauri hufungwa, faili hutiwa kabatini, na kesho yake kazi huendelea vile vile kama jana, mpaka siku ya ajali nyingine.

Sisi wa reli twasema kwamba wimbo huu ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hudanganya watu wengi kuliko uongo mtupu. Na ili tusiambiwe kwamba twajitetea wenyewe, leo hatutaanza na reli. Tutaanza na helikopta za kutembeza watalii, mbali sana na hapa, katika nchi ya Australia, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyefanya kazi. Tafadhali someni mpaka mwisho, ndipo mseme kama jambo hili latuhusu au halituhusu.

HABARI YENYEWE

Katika jimbo la Queensland, Australia, kuna mji wa pwani uitwao Gold Coast, na hapo pana mahali pa starehe paitwapo Sea World. Watalii hulipa fedha, hupakiwa katika helikopta, huzungushwa angani dakika tano hivi ili wauone ufuo na bahari, kisha hurudishwa chini na wengine wakapanda. Ni kazi ya kwenda na kurudi kutwa nzima, kama matatu ya njia fupi. Abiria ni wengi siku za sikukuu, na kila dakika helikopta inapokaa chini ni dakika isiyoleta fedha.

Siku ya Jumatatu, tarehe 2 Januari 2023, kabla ya saa nane mchana, helikopta moja ilikuwa ikirudi, ndani yake rubani na abiria 5. Nyingine ilikuwa chini, ikapakia abiria 6, rubani akaiinua. Zote mbili zilikuwa za aina moja, EC130. Haikupita hata dakika moja tangu ile ya pili ipae. Zilipokuwa kwenye kimo cha futi 130 hivi, zikakutana. Mapanga ya juu ya ile iliyokuwa ikipaa yakakata chumba cha mbele cha ile iliyokuwa ikija kutua. Iliyopaa ikavunjika hewani ikaanguka juu ya fungu la mchanga. Rubani na abiria 3 wakafa, na abiria 3 waliobaki wakaumia vibaya. Ile ya pili, ingawa kioo chake kilivunjika na vyombo vya mbele viliharibika, rubani wake aliiteremsha juu ya fungu hilo hilo la mchanga, na watu wote 6 waliokuwamo wakatoka hai. Huyo twampa heko.

Sasa angalieni, ndugu. Siku ile hapakuwa na ukungu wala dhoruba. Kulikuwa kweupe. Injini hazikuzimika. Marubani wote wawili walikuwa na leseni za kazi yao. Basi mtu wa haraka atasema nini? Atasema: Walikuwa na macho, mbona hawakuonana? Lazima mmoja wao alizembea. Na kweli, watu wengi walisema hivyo, kwa kuwa picha zilizopigwa na abiria zilionekana ulimwenguni kote, na katika picha hizo abiria wa nyuma yuaonekana ameiona helikopta nyingine na yuajaribu kumwonya rubani wake. Mtalii ameona, rubani hakuona! Ni rahisi namna gani kumhukumu mtu kwa picha ya sekunde chache, nawe umeketi nyumbani.

WALIOCHUNGUZA WALIKUTA NINI

Ofisi ya Australia ya kuchunguza ajali za usafiri haikufanya haraka. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, ikatoa taarifa yake ya mwisho mwezi wa Aprili 2025. Tena sheria ya nchi ile yakataza ofisi hiyo kugawa lawama. Kazi yake ni kutafuta sababu ili jambo lisirudie. Tutalirudia neno hili baadaye, maana ni neno kubwa kuliko yote katika habari hii. Tazameni kwanza mambo waliyoyakuta.

La kwanza, mahali pale hapana mnara wa kuongoza ndege zile. Marubani wenyewe huambiana kwa redio: mimi naja, mimi naondoka. Rubani aliyekuwa akija kutua alisema hakumbuki kusikia mwito wa mwenzake wa kuondoka. Na wachunguzi walipofungua vyombo, walikuta hitilafu katika antena ya redio ya moja ya helikopta hizo. Fikirini maana yake. Mtu aweza kusema neno lote alilofundishwa kusema, wakati ule ule alioambiwa aseme, na neno lile lisifike popote, naye asijue kama halikufika.

La pili, rubani aliyekuwa akija aliwaona abiria wakipanda helikopta iliyokuwa chini. Akapima, akaona kwamba ile itapaa na kupita nyuma yake. Hakuwa amelala. Alitazama, akafikiri, akaamua. Lakini aliamua kwa habari aliyokuwa nayo, na habari hiyo haikuwa kamili.

La tatu, palikuwa na mfanyi kazi wa chini, yule anayepakia abiria na kumpa rubani ishara. Alitazama, akaona nyuma ni kweupe, akatoa ishara. Ishara ile ilikuwa ya kweli wakati alipoitoa. Lakini baina ya ishara na kupaa sekunde zilipita, na helikopta nyingine ilikuwa mbioni. Ukweli wa wakati ule ukawa si ukweli tena. Ndugu zetu wa yadi wanalijua jambo hili kabisa: unampungia dreva mkono arudi nyuma, njia ni tupu, ukigeuka tena kuna mtu anavuka na mzigo kichwani.

La nne, na hapa ndipo shina la mambo, mahali penyewe palikuwa pamebadilishwa. Pedi moja ya kutua, iliyo upande wa mahali pa starehe, ilikuwa imerudishwa kazini. Kwa ajili hiyo njia ya helikopta inayoondoka na njia ya helikopta inayokuja zikawa na mahali pa kukatana. Wachunguzi walieleza kwamba mabadiliko katika kazi, moja baada ya jingine, yalizidhoofisha zile kinga zilizokuwa zikizitenga helikopta, wala hatari mpya haikupimwa na kuzuiwa ipasavyo. Kila badiliko peke yake huenda lilionekana dogo. Lakini yote pamoja yaliwapeleka watu wawili mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na kati yao hapakuwa na kitu ila macho na redio.

Na la tano, wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya mikanda ya abiria haikufungwa sawasawa, kwa kuwa walikuwa wamevaa pia makoti ya kuokolea majini, na vitu hivyo viwili viligombana. Ona mambo ya kanuni mbili zilizotungwa na watu wawili wasioonana: huyu asema vaa koti, yule asema funga mkanda, na anayebaki kuzipatanisha kwa dakika moja, huku injini yanguruma, ni mfanyi kazi wa chini.

MACHO PEKE YAKE SI KANUNI

Mabwana watasema: Pamoja na hayo yote, rubani angetazama vizuri angeona. Jibu letu si la kubuni. Mwaka 1991 wachunguzi wa ajali za ndege wa Australia hiyo hiyo waliandika taarifa nzima juu ya kanuni ya kuona na kuepuka, yaani kanuni ya kumwachia rubani amtafute mwenzake kwa macho. Wakaeleza kwamba macho ya binadamu yana mipaka. Kitu kinachokuja kugongana nawe sawasawa hakionekani kusogea kiooni. Hukaa pale pale kama doa, kisha ghafula hukua. Macho huvutwa na kitu kinachotembea, na doa lililokaa kimya halimwiti mtu. Tena helikopta ina nguzo zake, milango yake, na vichwa vya abiria, vyote vinaficha sehemu ya anga. Na rubani aliyeambiwa mapema mahali pa kutazama huona upesi kuliko yule anayetafuta tu bila habari.

Taarifa ile ilikuwapo miaka 31 kabla ya watu 4 kufa pale Sea World. Haikuwa siri, maana iliandikwa ikachapishwa. Basi twauliza: mtu akijua kwamba macho hayatoshi, akapanga kazi kana kwamba macho yatosha, kosa ni la mwenye macho au la mwenye kupanga?

Kupaa kwa helikopta kuna hatari nyingine pia, na ni vizuri tuzijue ili tusidanganywe. Mzigo ukizidi, injini hulemewa. Joto likiwa kali na mahali pakiwa juu, kama hapa kwetu Nairobi, hewa huwa nyepesi, na helikopta iliyoinua watu 5 vizuri pale Mombasa huenda isiwainue vizuri huku juu. Upepo wa pembeni huweza kuishinda nguvu ya panga dogo la mkiani, ikaanza kujizungusha. Mguu mmoja ukinasa ardhini wakati wa kuinuka, yaweza kupinduka mara moja. Vumbi likitimka, rubani haoni chini. Lakini hesabuni hatari hizo moja moja: ni nani huamua uzito wa mzigo? Ni nani huuza tiketi? Ni nani hupanga saa za safari, na mahali pa kutua, na siku ya kukarabati? Mara nyingi rubani ni mtu wa mwisho kuigusa safari, naye ndiye wa kwanza kuandikwa jina lake.

KWA NINI RELI YAINGIA HAPA

Sisi wa reli tulijifunza zamani kutotegemea macho. Treni mbili zikitumia njia moja, hatumwambii dreva, nenda ukitazama mbele. Stesheni hii huiuliza stesheni ya mbele: njia i tupu? Ikijibiwa ndiyo, dreva hupewa ushahidi mkononi, kibao au karatasi ya njia, na bila huo haondoki hata bwana mkubwa akipiga kelele. Kanuni hii iliandikwa kwa damu ya watu waliokufa.

Na hata kanuni nzuri hufa ikiwa mabwana wanaiacha ichakae. Tarehe 26 Januari 1921, pale Abermule katika nchi ya Wales, treni mbili ziligongana uso kwa uso katika njia moja, na watu 17 wakafa. Kibao cha njia kilikuwapo. Lakini pale stesheni ilikuwa desturi kwamba vyombo vya kutolea kibao vinashikwa na kila mtu, hata vijana waliokuwa wakijifunza kazi. Siku ile kibao kilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akidhani mwenzake amekitazama, hata akapewa dreva kile kile alichokileta mwenyewe. Dreva naye hakukisoma. Je, dreva alikosa? Alikosa. Lakini kabla yake watu kadhaa walikishika, na desturi ile haikuzaliwa siku moja. Wakubwa waliiacha ikaota mizizi. Katika waliokufa alikuwamo mkurugenzi mmoja wa kampuni ile ya reli, Lord Herbert Vane-Tempest. Twamtaja si kwa kufurahia kifo cha mtu, Mungu atuepushe, bali ili wakurugenzi wakumbuke kwamba nao husafiri.

Tena tarehe 5 Oktoba 1999, pale Ladbroke Grove, London, treni ilipita taa nyekundu ikagongana na nyingine, na watu 31 wakafa. Dreva alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza wimbo ulikuwa ule ule: dreva amepita taa nyekundu. Lakini hakimu Lord Cullen alipochunguza, ikaonekana kwamba taa ile, nambari SN109, ilikuwa imepitwa na madreva wengine mara 8 katika miaka iliyotangulia. Mara nane! Taa ilikuwa haionekani vizuri, wakubwa waliarifiwa, mikutano ikafanywa, na taa ikabaki pale pale. Na dreva yule ndiyo kwanza amehitimu, hajamaliza hata mwezi tangu apewe treni peke yake. Watu wanane wakijikwaa kwenye jiwe moja, na wa tisa akavunjika mguu, mwenye akili haulizi juu ya miguu ya wa tisa. Huliondoa jiwe.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Sea World. Pale palikuwa na njia mbili zilizokatana, lakini hapakuwa na kibao, wala karatasi, wala stesheni masta wa kusema ngoja kidogo. Mtu mmoja tu wa chini mwenye redio njema na amri ya kumzuia rubani mpaka mwenzake atue, angegharimu kiasi gani? Mshahara wa mtu mmoja. Pimeni na roho 4.

NA HAPA KWETU?

Kuna wanachama watakaosema: Helikopta za watalii ni mambo ya matajiri, tuache. Ndugu, aliyekufa kwanza katika helikopta ni mfanyi kazi, naye ni rubani. Na mambo haya hayako Australia peke yake.

Tarehe 3 Machi 2019, usiku, helikopta iliyochukua watalii 4 wa Marekani na rubani Mkenya ilianguka baada ya kupaa katika kisiwa cha Central Island, Ziwa Turkana. Wote 5 wakafa. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44 iligongana hewani na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama, lakini watu 2 wa ile ndogo wakafa. Sisi si wachunguzi, wala hatumhukumu mtu. Twasema tu kwamba kila mara maswali ya kwanza yawe haya: Nani alipanga saa ya safari? Nani alipanga njia? Redio zilisikika? Kulikuwa na malalamiko yaliyoandikwa kabla ya siku ile, na nani aliyasoma? Swali la rubani lije baada ya hayo, si kabla.

Na katika reli yetu wenyewe tunayo ya kusema. Tunaijua yadi moja, hatutaitaja, ambapo redio za mkononi za watu wa kupanga mabehewa hukatika katika maneno, betri zake zikiwa zimechoka. Jambo hili limeandikwa katika kitabu cha hitilafu mara tatu, kwa mikono ya watu watatu. Jibu lililokuja ni kwamba wafanyi kazi watumie bendera na taa kama wazee wao. Vyema. Lakini mistari ya yadi imeongezwa, watu wamepunguzwa, na pale mkunjoni dreva haioni bendera. Mtu akikatwa mguu kesho mahali pale, je, tutaambiwa nini? Tutaambiwa hakupunga bendera vizuri. Kitabu cha hitilafu hakitaonekana siku hiyo. Ndiyo maana twawaambia wenzetu wote: mkiandika katika kitabu, wekeni nakala, mkaipeleke kwa karani wa tawi.

HATUTETEI UZEMBE

Mtu asije akasema kwamba chama chawatetea wazembe. Anayekuja kazini amelewa hatumtaki, kwa maana atatuua sisi kwanza kabla ya kumwua bwana mkubwa. Anayelala zamu, anayetia sahihi kazi asiyoifanya, huyo atajibu mwenyewe. Lakini kuna tofauti baina ya mtu aliyevunja kanuni kwa makusudi na mtu aliyefanya kazi yake yote, akaponzwa na kanuni mbovu. Kuwachanganya hao wawili ni dhuluma. Tena ni upumbavu, maana ukimfukuza wa pili, kanuni mbovu yabaki kazini yamngoja mwingine.

Katika mambo ya ndege, mataifa yalikwisha kulifahamu neno hili. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Kenya nayo imo, kanuni za uchunguzi wa ajali za ndege zasema wazi kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Polisi na mahakama wana kazi yao, lakini mchunguzi wa ajali huuliza, kwa nini? mpaka afike chini kabisa. Uingereza, baada ya Ladbroke Grove, waliweka ofisi ya namna hiyo kwa ajili ya reli, ikaanza kazi mwaka 2005. Basi kama rubani yuastahili uchunguzi wa namna hii, kwa nini dreva wa treni asistahili? Kwa nini mtu wa pointi asistahili? Damu yao si nyekundu?

TWATAKA HAYA

Kwanza: Kila ajali ya kazini, ya mtu kufa au kuumia vibaya, ichunguzwe na watu wasiolipwa na tajiri wa mahali pale, na mjumbe wa wafanyi kazi awe katika kikao tangu siku ya kwanza, si kuitwa siku ya mwisho kutia sahihi.

Pili: Taarifa ichapishwe, tena kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani. Taarifa iliyofungiwa kabatini haimwokoi mtu.

Tatu: Kazi isibadilishwe kabla ya wanaoifanya kuulizwa. Ikiwa njia yaongezwa, au pedi yafunguliwa, au watu wapunguzwa, au mashine mpya yaletwa, kwanza watu waketi, waandike hatari zilizopo na namna ya kuzizuia. Wale wa Sea World walikuwa na watu wa kutosha wa kuwauliza. Mfanyi kazi aliye chini huona njia zikikatana kabla ya mtu wa ofisi kuziona katika ramani.

Nne: Chombo cha mawasiliano kisichosikika kihesabiwe kuwa ni breki mbovu. Treni haiondoki na breki mbovu, basi isiondoke na redio mbovu. Na kabla ya zamu, redio ijaribiwe kwa kujibiwa na mtu, si kwa kuwashwa taa tu.

Tano: Mwenye kuripoti hatari asiguswe. Na hapa hatuombi hisani, ndugu, tunaomba sheria ifuatwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyi kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sheria hiyo yakataza kumwonea mfanyi kazi kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Tena yampa haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, akamwarifu mkubwa wake, wala mkubwa hawezi kumrudisha pale hatari ikiwa bado ipo. Wangapi katika ninyi mnajua hayo? Wangapi mmewahi kuiona kamati hiyo ikikutana? Mahali pengi kamati ipo katika karatasi tu, na wajumbe wake hawajui kama ni wajumbe.

NENO LA MWISHO KWA WANACHAMA

Wenzetu, hatuwezi kungoja tajiri aamke asubuhi ameota ndoto njema. Kila tawi na liulize wiki hii: kamati ya usalama iko wapi, ilikutana lini, na kitabu chake ki wapi. Kama haipo, andikeni barua, na nakala ije kwetu. Kama ipo nayo imelala, chagueni watu wa kuiamsha, watu wasioogopa kusema na wasiokunywa chai ya bwana mkubwa kila jioni.

Na siku ajali itakapotokea, ya treni au ya ndege, yetu au ya wengine, tusiwe wa kwanza kuuimba wimbo ule. Mara nyingi sisi wenyewe, katika kantini, ndio tunaomhukumu mwenzetu kabla ya mchunguzi kufika. Twasema, fulani alikuwa na haraka siku zote. Fulani alikuwa hasikii la mtu. Maneno hayo huchukuliwa juu, huandikwa, na mjane hunyimwa haki yake kwa ulimi wetu wenyewe. Anayeulizwa aseme aliyoyaona, asiseme anayoyadhani.

Rubani wa Sea World aliinua helikopta yake mchana kweupe, na mbele yake palikuwa na hatari iliyopangwa na wengine siku nyingi zilizopita. Waliokufa naye walikuwa wamekwenda kutazama bahari dakika tano tu. Wachunguzi walikaa miaka miwili na zaidi kutafuta sababu, nao hawakuridhika na jina la mtu mmoja. Sisi nasi tusiridhike.

UMOJA NI NGUVU.

Sisi wenzenu wa reli.